Mashine ya msasa ya dramu ya inchi 16: itazame mkanda kabla ya mota

Mashine ninayoitathmini hapa ni ile ya msasa ya dramu yenye upana wa inchi 16, yaani milimita 406, ambayo upande wake mmoja uko wazi ili ubao mpana upitishwe mara mbili, mara ya pili ukiwa umegeuzwa, na hivyo kuweza kusawazisha kipande kinachokaribia inchi 32. Tunaitumia katika karakana ya samani huku Nyakato, jijini Mwanza, kwa meza, milango na mbao za kabati, na mbao zinazopita chini yake ni mninga, mkongo, mvule pale unapopatikana, na paini nyingi ya mashamba ya miti ya kanda hii, kama Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kisiwani Ukerewe. Mafundi wanaokuja kuitazama huuliza nguvu ya mota na bei ya msasa. Mimi ningewashauri waulize kwanza habari za mkanda unaobeba ubao, kwa sababu mota ya mashine hii haijawahi kunipa shida, ilhali mkanda ndio unaoamua kama siku itakwisha kwa meza iliyonyooka au kwa ubao uliochimbwa mfereji.

Kazi ya mashine yenyewe ni nyepesi kuieleza. Dramu ya alumini iliyoviringishiwa utepe wa msasa huzunguka juu, na chini yake mkanda mpana uliofungwa duara juu ya rola mbili hubeba ubao na kuupeleka taratibu. Dramu huzunguka kinyume na mwendo wa ubao, kwa hiyo wakati wote msasa unajaribu kuurudisha ubao ulikotoka, na kinachouzuia usirudi ni mshiko wa mkanda pamoja na rola ndogo za springi zinazoukandamiza ubao mbele na nyuma ya dramu. Mkanda ukiteleza hata kidogo, ubao husimama huku dramu ikiendelea kula mahali pale pale, na matokeo yake ni mfereji mwembamba uliokatiza ubao, ambao hauondoki mpaka ubao wote ushushwe kufikia kina cha mfereji huo. Kwenye paini yenye utomvu alama ya kuungua hufuata papo hapo. Mkanda ukihama upande, nao huleta hasara ya namna nyingine: ubao hupita ukiwa umekwenda mshazari, ukingo wa mkanda hujisugua kwenye chuma cha fremu, nyuzi zake huanza kuchomoka, na mkanda ambao ungefanya kazi kwa muda mrefu huchanika mapema.

Mashine yetu ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na ilifika na ugonjwa huo wa kuhama. Mkanda ulikimbilia kushoto, upande wa nguzo inayoshikilia dramu, na ukingo wake ulikuwa umeshakunjika. Mkanda hukazwa kwa nati mbili, kulia na kushoto, zinazosukuma ncha za rola; muuzaji alikuwa amekaza nati ya upande mmoja hadi karibu na mwisho wa skrubu yake, na ushauri aliotuachia ni kwamba tuendelee kukaza. Nauandikia ushauri huo kwa kirefu kwa sababu nimeusikia kwa mafundi wengine pia, na ndio unaoharibu mashine hizi nyingi ambazo kwa asili hazina kasoro kubwa.

Kanuni ya msingi ni moja na inafaa kuelezwa pamoja na sababu yake. Mkanda huhama kutoka upande uliokazwa zaidi kwenda upande uliolegea. Kwa hiyo, ukiona mkanda unakwenda kulia, kaza nati ya kulia na ulegeze kidogo ya kushoto. Ukienda kushoto, fanya kinyume chake. Watu wengi hudhani kinyume, wakiamini kwamba upande uliokazwa ndio unaovuta. Ukweli ni kwamba unapokaza nati ya upande mmoja unaisukuma ncha ile ya rola iende nje, na rola nzima inakaa mshazari kidogo. Rola haijui kuupeleka mkanda kwingine ila kwenye mstari unaofanya pembe mraba na mhimili wake, na rola ambayo ncha yake ya kulia imesukumwa nje inaelekea kidogo kushoto, kwa hiyo kila mzunguko mkanda husogezwa kushoto kwa unywele mmoja. Ukishalielewa jambo hili, huhitaji kukariri upande wa kukaza, kwa maana unaweza kuitazama rola na kujua itaupeleka mkanda wapi.

Hata hivyo, nati zile zimewekwa kwa ajili ya marekebisho madogo ya mwisho. Hazikuwekwa kusahihisha fremu iliyopinda, na hapo ndipo tulipolazimika kuifungua mashine yetu. Tuliinua dramu hadi juu kabisa, tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukalegeza nati zote mbili, tukafungua bolti zinazoshikilia kitanda cha mkanda kwenye msingi wa mashine, kisha tukakisimamisha kitanda kwa ule upande wenye mota na kuuvua mkanda kwa juu, polepole, usikwame kwenye chuma na kuchanika. Chini ya mkanda kulikuwa na vumbi la mbao lililogandamana na utomvu wa paini, na kwenye rola ya kuendeshea lilikuwa limejenga tabaka gumu upande mmoja. Tabaka la namna hiyo ni kama kuongeza unene wa rola upande mmoja tu, na hakuna nati itakayoweza kushindana nalo. Tuliliondoa kwa kipande cha mti na kitambaa chenye spiriti, tukijihadhari kutotumia kisu kwa sababu rola ya kuendeshea ina mpira juu yake, na mpira ukishakatwa mshiko wake hupungua. Kazi hii ya usafi ningeitanguliza kabla ya nyingine yoyote, na katika karakana inayopiga msasa paini kwa wingi inapaswa kurudiwa mara kwa mara, kwani utomvu haungoji.

Baada ya usafi ulifuata upimaji, na hapa nitakaa kidogo. Weka rula ndefu ya chuma iliyonyooka juu ya kitanda, ikielekea kwenye mwendo wa mkanda na kupita juu ya rola, kwanza ukingo wa kulia, kisha ukingo wa kushoto. Rola inatakiwa iwe juu ya uso wa kitanda kidogo sana, na kiasi hicho kiwe sawa pande zote mbili. Kwetu ncha moja ya rola ilikuwa chini kuliko nyenzake, jambo lililomaanisha kwamba rola mbili hazikuwa katika bapa moja, na mkanda uliozizunguka ulikuwa umesokotwa bila mtu kuona kwa macho. Dawa yake ni kuweka kipande cha bati jembamba chini ya mabano ya ile ncha iliyo chini, ukianza na bati jembamba kabisa na kuongeza kwa uangalifu. Ukuta wa kopo la soda, ambao unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unatosha kwa jaribio la kwanza, ingawa kwa kazi ya kudumu napendelea bati la chuma. Kisha pima umbali kati ya rola mbili, kulia na kushoto. Futikamba inatosha kwa makadirio, lakini kipande cha fito kilichokatwa kwa urefu kamili wa upande mmoja na kujaribiwa upande wa pili huonyesha tofauti ambayo jicho juu ya futikamba litaikosa. Anza marekebisho yote kutoka mahali ambapo umbali huo ni sawa, hata kama muuzaji aliziacha nati vinginevyo.

Jambo linalofanana na hilo ni stendi ambayo mashine imesimama juu yake. Sakafu za karakana nyingi hapa mjini kwetu, katika mji uliojengwa juu ya miamba na miteremko, hazijalala sawa, na stendi ya bati yenye miguu minne ikifungwa kwa bolti kwenye sakafu iliyoinama hupinda pamoja na sakafu, ikaupindisha na msingi wa mashine. Weka pima maji juu ya msingi, uzibe pengo chini ya mguu unaoning'inia, ndipo ukaze bolti.

Mkazo wenyewe una kipimo rahisi. Mashine ikiwa inatembeza mkanda bila ubao, bonyeza kiganja juu ya mkanda mbali na dramu. Ukiweza kuusimamisha kwa mkono, umelegea mno na utateleza mara tu ubao mzito utakapogusa msasa. Lakini kukaza kupita kiasi kuna gharama yake, na ndiyo gharama iliyokuwa imeanza kuingia kwenye mashine yetu: rola hupinda, mabano hupinda, na bushi za shaba zinazobeba ncha za rola hulika upande mmoja. Bushi iliyolika huiacha rola icheze, na rola inayocheza hubadilisha mwelekeo kila mzigo unapobadilika, kwa hiyo mkanda unaweza kushika njia vizuri ukiwa mtupu na kuhama mara ubao unapoingia. Ukiona dalili hiyo, acha nati na ukague bushi. Zetu tulichongewa upya na fundi wa mashine ya kukereza chuma, kazi safi iliyogharimu kidogo kuliko mkanda mmoja mpya.

Sasa ndipo zamu ya nati inafika, na sifa inayohitajika ni subira. Mashine hii ina swichi ya dramu na ya mkanda mbalimbali, jambo ninalolisifu sana, kwa sababu unaweza kuutazama mkanda ukitembea huku dramu imelala kabisa. Weka mwendo wa mkanda kwenye kasi ya juu, ambayo kwa mashine za aina hii ni futi 10 kwa dakika, kiasi cha mita 3. Mkanda wenye mzunguko wa mita 1.2 hukamilisha duara moja kwa nusu dakika hivi, na marekebisho hayaonekani mpaka umezunguka mara kadhaa. Kwa kasi ndogo ungengoja muda mrefu na pengine ukakata tamaa ukageuza nati tena kabla ya jibu la kwanza kufika. Geuza nati robo tu ya mzunguko, kisha weka spana mezani na utazame. Mkanda ukipunguza kasi ya kuhama, ongeza robo nyingine. Ukisimama mahali pake, ngoja zaidi kabla ya kuridhika, maana kuhama kwa milimita moja kila baada ya dakika chache hakuonekani ila kwa alama. Sisi huchora mstari wa penseli kwenye kitanda kando ya ukingo wa mkanda na kuulinganisha. Kijana wetu wa karakana, ambaye mikono yake ni myepesi kuliko ya wengi wetu, ameshajifunza kugeuza na kuacha, na leo ndiye ninayemwamini na kazi hiyo kuliko mtu mwingine.

Kama umefanya yote hayo na mkanda bado unakimbilia upande ule ule, mshuku mkanda wenyewe. Mkanda huanza kama kipande cha kitambaa kilichounganishwa ncha mbili, na kiungo kikiwa hakikukaa sawasawa, ukingo mmoja wa duara unakuwa mrefu kuliko mwingine. Mkanda wa namna hiyo una umbo la pia iliyokatwa kichwa, na utahama daima. Jaribio lake ni kuuvua, kuugeuza kulia kuwe kushoto, na kuurudisha bila kugusa nati: ukianza kuhama upande wa pili, kasoro ni ya mkanda, ukiendelea kuhama upande ule ule, kasoro ni ya rola au fremu. Jaribio hili huchukua muda wa kufungua na kufunga, lakini linamaliza ubishi wote karakanani. Tahadhari moja ni kwamba baadhi ya mikanda ina mshale ndani yake unaoonyesha mwelekeo wa mwendo kwa ajili ya kiungo chake, na mkanda wa namna hiyo ukigeuzwa uwe kwa jaribio tu, bila kupitishwa ubao.

Tumetumia mikanda ya aina tatu, na tathmini yangu haiwezi kuzilinganisha bila kusema wazi ninayoipenda. Mkanda wa asili wa mashine ni wa kitambaa chenye punje za msasa wa namba 100 upande wa juu, ambazo huushika ubao kutoka chini, na unashika vizuri sana ubao uliokwisha kupigwa randa, ingawa ukiteleza huacha mikwaruzo upande wa chini. Kuupata huku kunahitaji kuagiza kutoka mbali na kungoja. Mkanda wa mpira huushika ubao bila kukwaruza na haunywi unyevu, lakini ni mnene zaidi, kwa hiyo kipimo cha unene kwenye mashine hakisomi sawa mpaka kirekebishwe, na vumbi laini likitanda juu yake huanza kuteleza hadi lipanguswe. Wa tatu ni mkanda ulioungwa hapa hapa Mwanza, kutoka kwenye msasa wa kitambaa unaouzwa kwa mita, na fundi wa viatu aliyezoea gundi ya mpira. Nilikuwa na mashaka nao, lakini alikata ncha zake kwa mshazari ili kiungo kisipite rola kwa kishindo, akazichubua punje mahali pa kuunganisha, akaweka utepe mwembamba wa kitambaa kwa ndani, na kabla ya gundi kukauka akapima kingo zote mbili mpaka zikawa sawa. Huo ndio mkanda ulioko kwenye mashine sasa, na unashika njia kuliko ule wa asili tuliofika nao. Anayetaka kufanya hivyo ahakikishe kingo mbili za duara zinalingana, kwani hilo ndilo linalotenganisha mkanda wa kazi na kitambaa kilichopotea bure.

Mikanda ya kitambaa cha pamba huathiriwa na unyevu, na huku pembeni mwa ziwa, mvua zinapoanza, tunaukuta mkanda umelegea asubuhi ilhali jana yake ulikuwa umekaza. Mkanda mpya nao hunyooka katika kazi zake za kwanza. Kwa hali zote mbili nati zote mbili zikazwe kwa kiasi sawa, bila kugusa uwiano wa kulia na kushoto uliopatikana kwa taabu.

Pembeni mwa kitanda mashine ina vipande vidogo vya kauri ambavyo ukingo wa mkanda huvigusa, na watangazaji huvisifu kama dawa ya kuhama kwa mkanda. Vinasaidia, na sitaki kuvidharau: mkanda uliokwisha kurekebishwa vizuri hukaa muda mrefu zaidi bila kuguswa vikiwapo. Lakini kwenye mkanda unaosukumwa upande kwa nguvu, vipande hivyo huwa ukuta tu, ukingo hujikunja juu yake, na kauri yenyewe huchimbwa mtaro. Mtaro ukionekana, kizungushe kipande ili mkanda ukutane na uso mpya, kisha utafute sababu ya msukumo.

Neno kuhusu umeme ni la lazima kwa anayenunua mashine iliyotoka Marekani. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na hezi 50, na mashine hizi nyingi zimetengenezwa kwa volti 115 na hezi 60. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mota ya dramu huzunguka polepole kwa takribani sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Mota ya mkanda, kwa kuwa ni ya umeme wa mkondo mmoja na hupewa nguvu kupitia kidhibiti chake, haipungui kasi kwa sababu hiyo. Matokeo yake ni kwamba uwiano kati ya dramu na mkanda hubadilika: dramu imepungua na mkanda haujapungua, kwa hiyo kasi ya kulisha, yaani ya mkanda kupeleka ubao, ambayo kijitabu cha mashine kinaipendekeza inakuwa kubwa mno hapa. Tunapunguza kasi ya mkanda na kina cha kila pito, robo ya mzunguko wa mkono wa kupandishia au chini ya hapo, na mkanda haulemewi.

Sehemu nyingine za mashine sina mengi ya kuzisema. Utepe wa msasa hufungwa kwa kibanio cha springi ndani ya dramu ambacho huvuta ulegevu wenyewe, nacho kinafanya kazi vizuri ukishakizoea. Dramu inabaki sambamba na kitanda, lakini kila unapoweka bati chini ya rola au kufungua kitanda ipime upya, na kwa mbao pana kuliko inchi 16 ncha iliyo wazi iwe juu kwa unywele ili isiache mstari katikati ya meza. Kifyonza vumbi ni cha lazima, kwa mkanda na zaidi kwa mapafu, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha na huwasumbua wenye pumu.

Kwa karakana yenye kazi ya milango na meza, na yenye mtu mmoja aliye tayari kuufahamu mkanda, ninaipendekeza mashine hii bila kusita. Anayeikuta ikiuzwa imetumika aombe iwashwe mbele yake, mkanda peke yake, kwa kasi ya juu, na asimame karibu nayo kwa dakika kumi nzima akitazama ukingo. Kisha aangalie skrubu za nati mbili zimebaki na urefu gani kila upande. Zikiwa zinalingana na mkanda umetulia, alipe bei iliyotajwa. Zikitofautiana sana, apunguziwe thamani ya mkanda mmoja na ya bushi, kwa sababu vyote viwili atavihitaji.